Sufuria Iliyozaa Haina Budi Kufa

Kuna sentensi moja ninayoichukia kuliko zote zinazosemwa mezani tunapocheza, na kila anayecheza michezo hii ameshaisikia: "Kaka, hii ni dunia yenye majoka." Hutolewa pale mtu anapouliza swali la maana. Tuseme mmeingia katika ngome iliyozingirwa na adui kwa miezi sita. Walinzi wamenona, farasi wanang'aa, sokoni kuna nyama. Mmoja wenu anauliza: hawa watu wanakula nini? Anajibiwa kwamba kaka, hii ni dunia yenye majoka. Meza inacheka, muulizaji anafunga mdomo, mchezo unaendelea. Mimi huwa sicheki. Swali halijajibiwa, aliyeuliza ndiye aliyeadhibiwa.

Kwa asiyeijua michezo hii, maelezo ni mafupi. Watu wanne au watano hukaa kuzunguka meza. Kila mmoja ana mhusika wake: mpiga upanga, mwizi, kasisi, mchawi. Mmoja wao hana mhusika. Yeye ni msimulizi, ndiye anayeibeba dunia nzima, kuanzia mvua hadi mfalme. Msimulizi anaeleza mnachokiona, kisha anauliza: mnafanya nini? Mnajibu. Pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu inarushwa. Hakuna skrini, hakuna bao, na kwa kawaida hakuna mshindi. Mchezo maarufu kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, ukiwa vijitabu vitatu ndani ya boksi. Sisi tunaucheza Dar es Salaam, Jumamosi jioni, vitabu vikiwa vya Kiingereza na maneno yetu yakiwa ya Kiswahili.

Ugomvi wenyewe ni huu: je, mchezo wa fantasia unapaswa kusadikika? Kambi ya kwanza inasema hapana. Ukishaingiza uchawi umeachana na uhalisia, kwa hiyo usitusumbue. Kambi ya pili inasema ndiyo, kisha inaleta mizani ya kupimia uzito wa upanga. Nimecheza na kambi zote mbili kwa miaka, na ninachodai hapa ni kwamba zinafanya kosa lilelile. Kosa hilo lilishaanikwa zamani na Abunuwasi.

Hekaya mnaijua. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani. Aliporudisha, ndani yake mlikuwa na sufuria ndogo. Jirani akashangaa, akaambiwa: sufuria yako ilikuwa na mimba, imezaa kwangu. Jirani akafurahi, akapokea mama na mtoto. Siku nyingine Abunuwasi akaazima tena, na safari hii hakurudisha. Alipodaiwa akatoa pole: sufuria imefariki. Jirani akaja juu, sufuria inakufaje? Hoja ya Abunuwasi ikawa fupi. Aliyekubali kwamba sufuria huzaa hana pa kukimbilia akiambiwa kwamba imekufa.

Wengi huichukulia hii kuwa hekaya ya ujanja. Mimi naisoma kama kanuni bora ya fantasia ninayoijua. Sufuria inayozaa ni jambo lisilowezekana, na hekaya haituombi radhi kwa hilo. Lakini jambo hilo likishakubaliwa linakuja na mzigo wake. Kinachozaa kina uhai, na chenye uhai hufa. Huwezi kuchukua nusu inayokunufaisha ukaikana nusu inayokugharimu.

Sasa turudi kwa joka. Ukikubali joka, umekubali mnyama mkubwa kuliko tembo, anayeruka na anayekula nyama. Basi kuna mfugaji anayepoteza ng'ombe. Kuna vijiji vilivyohama. Kuna njia ya biashara iliyobadilishwa, na chumvi iliyopanda bei upande wa pili wa mlima. Kuna mtu anayeezeka kwa mawe badala ya nyasi, na kuna mwingine anayeuza hirizi za kuzuia majoka ambazo hazizuii chochote. Swali la walinzi wanakula nini lilikuwa zuri kabla ya joka kutajwa. Baada ya joka kutajwa limekuwa zuri zaidi, maana sasa tunataka kujua pia kama lilipita juu ya ghala.

Lugha yetu ina neno linalonisaidia hapa. Mwaka 1951 ilitoka riwaya ya Shaaban Robert inayohusu nchi iliyo angani, na jina la nchi hiyo isiyowezekana ni Kusadikika. Sijawahi kukutana na msomaji aliyesimama kuuliza nchi hiyo imeshikiliwa na nini. Anachokifuatilia ni kesi: Karama yuko mbele ya baraza, anashtakiwa na waziri Majivuno, anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, waliorudi na mema na kuambulia adhabu. Kila aliyewahi kuona mtu mkweli akifukuzwa kazi anaisadiki nchi hiyo bila kuuliza nguzo zake. Kuelea angani ni jambo moja tu tuliloombwa kulikubali. Mengine yote, yaani woga wa wakubwa, husuda, hukumu iliyoandikwa kabla ya kesi, yanafuata mkondo tunaoujua.

Mtu atasema riwaya ni riwaya na mchezo ni mchezo. Ni kweli, na tofauti hiyo inanipa nguvu zaidi. Msomaji wa riwaya haamui lolote. Mwandishi akiiharibu dunia yake ukurasa wa 90, msomaji anaguna na kuendelea, na shujaa ataokolewa vilevile. Mezani mambo si hivyo. Mezani mimi ndiye ninayepaswa kuamua sasa hivi, huku wenzangu wakinitazama, kama tunavuka mto au tunasubiri. Nitaamua kwa kutumia nini? Kwa kutumia ninachokijua kuhusu mito. Dunia ya mchezo ikiwa haifuati chochote ninachokijua, ujuzi wangu hauna kazi. Ninabaki kurusha dadu kama mtu anayecheza kamari asiyoielewa.

Nimeyaona yote mawili. Kampeni moja tulikuwa tunafukuzwa na askari wa farasi, mbele yetu mto umefurika. Mmoja wetu, aliyekulia kando ya Rufiji, akaanza kuuliza maswali ambayo msimulizi hakuyategemea. Maji yana rangi gani? Yanabeba miti? Kingo zinameguka? Akaeleza kwamba mto wa namna hiyo huwezi kuupita hapa, lakini ukishuka chini unakopanuka maji hupungua nguvu, na farasi aliyebeba mtu mwenye deraya ya chuma atagoma kabla ya bwana wake. Msimulizi akasikiliza, akakubali, akatuambia turushe dadu mara moja tu kwa ajili ya mbuzi tuliokuwa nao. Tulivuka. Askari walibaki ng'ambo. Hakuna aliyeshangaa, na kila mtu alifurahi, kwa sababu tulishinda kwa kitu cha kweli ambacho mwenzetu alikuwa nacho kichwani.

Kampeni nyingine, na msimulizi mwingine, tulichoma daraja ili wanaotufukuza wasitupate. Tulikuwa tumeiba mafuta, tumepoteza siku nzima, mmoja wetu ameumia. Msimulizi akasema wanaotufukuza wametokea mbele yetu. Kwa vipi? Wana wachawi, kaka, hii ni dunia yenye majoka. Hatukuwahi kusikia habari za wachawi hao kabla ya daraja kuungua, na hatukuwasikia tena baadaye. Kuanzia jioni ile sikumwona mtu yeyote mezani akipanga kitu. Tuliingia kila mlango kwa mguu, tukapigana na kila kilichokuwa ndani, tukaenda nyumbani mapema. Mwezi uliofuata kampeni ilikufa, na msimulizi akalalamika kwamba wachezaji hawana ubunifu.

Hilo ndilo ninalogombania. Dunia inayosadikika ndiyo inayompa mchezaji kitu cha kushika. Ukimnyang'anya, umemnyang'anya uamuzi wake, na bila uamuzi mchezo huu hauna kitu. Atabaki mtu anayesikiliza hadithi ya wastani inayosimuliwa na rafiki yake.

Wala swali hili si jipya. Michezo hii ni mjukuu wa michezo ya vita ya maofisa wa Ulaya. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafunzia wanajeshi: ramani, vipande vya kusogeza, dadu, majedwali ya hasara, na mwamuzi aliyekaa katikati. Kadiri miaka ilivyopita kanuni zikawa nzito, na mwaka 1876 Verdy du Vernois akapendekeza kuyaweka majedwali kando na kumwachia mwamuzi mzoefu aamue kwa ujuzi wake. Ubishi ulikuwa wa kanuni nyingi au mwamuzi hodari. Lakini pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: ofisa aliyefikiri vizuri alipaswa kupata matokeo ambayo aliyefikiri vizuri angeyatazamia. Vinginevyo hakujifunza chochote.

Sasa niwageukie wenzetu wa kambi ya pili, wapenda uhalisia, maana najua wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Wasiridhike mapema.

Kambi hii ina watu ninaowaheshimu. RuneQuest, iliyotoka mwaka 1978, ilikataa shujaa apungukiwe uhai kama tanki linalovuja. Pigo linatua mkononi, mguuni au kichwani, na mkono uliopigwa sana haushiki tena ngao. Ukicheza mchezo huo unaanza kuogopa vita, na mtu anayeogopa vita hutafuta njia nyingine, anazungumza, anahonga, anakimbia. Hapo uhalisia umezaa uamuzi. Sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni na yule anayelitoa neno uhalisia mfukoni kwa zamu. Tazama Dungeons & Dragons yenyewe. Kwa kanuni za mwaka 2014, anayeanguka anarusha dadu moja ya pande sita kwa kila futi 10, mwisho dadu 20. Zote zikitoa sita ni 120. Mpiga upanga wa kiwango cha juu anaweza kuwa na pointi za uhai zaidi ya 150. Maana yake anaweza kudondoka kutoka mawinguni, akatua juu ya jabali, akajipangusa vumbi na kuuliza njia ya kwenda sokoni. Katika matoleo ya zamani sarafu kumi za dhahabu zilikuwa na uzito wa ratili moja, yaani kila sarafu gramu 45, wakati florin ya Florence ilikuwa na gramu tatu na nusu hivi. Gygax mwenyewe, katika kitabu cha wasimulizi cha mwaka 1979, aliandika wazi kwamba mchezo wake haufai kama kielelezo cha uhalisia, na kwamba pointi za uhai zinahesabu pia bahati na ustadi. Watu walisoma, wakakubali, wakaendelea kucheza. Sufuria ilizaa, nao wakapokea mtoto.

Lakini katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kulikuwa na jedwali la nguvu. Mwanamume binadamu aliweza kufika nguvu 18 na asilimia 100. Mwanamke binadamu aliishia 18 na asilimia 50. Fikiri vizuri. Katika dunia ambamo mtu anaweza kudondoka kutoka mawinguni na kuamka, ambamo kasisi anafufua maiti na mchawi anarusha moto kwa vidole, mahali ambapo uhalisia ulipaswa kulindwa kwa kanuni ya maandishi ni msuli wa mwanamke. Toleo la pili la mwaka 1989 liliifuta kanuni hiyo. Hakuna dunia iliyoporomoka.

Mwaka 2020 mbunifu mmoja alisambaza bure kanuni za kiti cha magurudumu cha kivita, ili mchezaji anayetaka shujaa anayetumia kiti ampate. Walewale wasiojali kudondoka kutoka mawinguni wakaamka: mapango yana ngazi! Na katika dunia yenye uchawi wa tiba, nani atabaki mlemavu? Mwaka 2022, ilipotoka tamthilia ya The Rings of Power, Ismael Cruz Córdova aliigiza elfi, mmoja wa watu wale wasiozeeka na wenye masikio ya ncha. Kuishi milele kulisadikika. Rangi ya ngozi yake haikusadikika.

Huyu ni jirani wa Abunuwasi kwa sura na kwa sauti. Sufuria inapozaa kwa faida yake, dunia ni ya ajabu na tusiwe wagumu wa moyo. Inapokufa kwa hasara yake, ghafla amekuwa mtaalamu wa madini.

Tena mara nyingi uhalisia anaoutetea ameupata kwenye sinema. Niliwahi kuandaa mchezo wa usiku mmoja katika mji wa pwani niliouchora kwa kufuata Kilwa ya karne ya 14. Jumba la mawe juu ya mwamba, lenye bwawa la pembe nane. Bakuli za Kichina mezani. Sultani mwenye sarafu zake mwenyewe, na dhahabu inayopita bandarini kutoka Sofala. Mgeni mmoja mezani akaniambia kwa upole kwamba nimetia chumvi, pwani ya Afrika wakati ule isingekuwa na mambo hayo. Hakuwa amelalamika juu ya jini aliyekuwa anaishi ndani ya bwawa. Bwawa lenyewe ndilo lililomshinda. Nilimwambia bwawa hilo lipo, magofu ya Husuni Kubwa yapo, vigae vya Kichina vimefukuliwa hukohuko, na Ibn Battuta alipita Kilwa mwaka 1331 akausifu mji. Kitu pekee nilichokibuni ni jini.

Kwa hiyo kambi ya kwanza inakataa kuulizwa gharama, na kambi ya pili inauliza gharama kwa baadhi ya watu tu. Sasa niwaonyeshe kinachotokea mtu akiuliza gharama kwa kila kitu.

Rudi kwa lile swali la mlemavu katika dunia yenye uchawi wa tiba. Liulize kwa uaminifu, ufungue kitabu. Kwa kanuni za mwaka 2014, uchawi wa kurudisha kiungo kilichokatika unahitaji kasisi wa kiwango cha 13, mtu ambaye katika falme nyingi hutampata hata mmoja. Kumfufua aliyekufa kunahitaji almasi yenye thamani ya vipande 500 vya dhahabu, na almasi hiyo inateketea. Kitabu hichohicho kinasema kibarua asiye na ujuzi analipwa vipande viwili vya fedha kwa siku, na dhahabu moja ni fedha kumi. Piga hesabu. Almasi ni vipande 5,000 vya fedha. Ni siku 2,500 za kazi, karibu miaka saba, bila kula, bila kodi, bila mtoto kuugua.

Hesabu hii tuliifanya mezani jioni ambayo mpiga upanga wetu aliuawa. Tulikuwa kijijini, tuna dhahabu ya joka, na kufufuana kwetu lilikuwa jambo la kawaida, kama kulipia maegesho. Mchezaji wetu mmoja ni muuguzi. Alikuwa kimya, anaandika kwenye kikaratasi, kisha akasema: "Kwa hiyo huku nako watu wanakufa kwa kukosa hela ya almasi."

Msimulizi hakumjibu kwamba ni dunia yenye majoka. Alifikiri kidogo, akasema ndiyo. Akasema hata katika kijiji hiki, fundi chuma amefiwa na mtoto juzi, na wanakijiji wanachanga. Wamefikisha vipande 31 vya dhahabu. Almasi kwa kasisi ipo moja.

Sijui kama kuna msomaji wa umri wetu asiyelijua daftari hilo. Sote tumo katika makundi ya WhatsApp ya michango ya hospitali, ambako mtu anapandisha orodha upya kila saa, majina na kiasi, na mgonjwa yuko wodini anasubiri jumla. Mezani pakawa kimya kwa namna ambayo hakuna pango wala zimwi lililowahi kutunyamazisha. Tuligombana karibu saa nzima. Mmoja alisema bila mpiga upanga tutakufa wote na joka lijalo litakichoma kijiji pamoja na huyo mtoto. Mwingine akapendekeza twende mjini tukanunue almasi nyingine kwa dhahabu yetu. Ndipo mhasibu wetu, ambaye kwa kawaida huja kwa ajili ya chipsi, akamkumbusha habari za Mansa Musa, aliyepita Cairo mwaka 1324 akienda Makka na kugawa dhahabu nyingi hadi bei yake ikaanguka. Al-Umari, aliyeandika baada ya miaka 12 hivi, alikuta haijainuka bado. Watu watano wakiingia mji mdogo na gunia la dhahabu ya joka wakitaka almasi, alisema, kesho yake almasi haitakuwa 500.

Aliyetufungia mjadala ni mchezaji wa marehemu mwenyewe. Kanuni inasema roho haifufuki isipokuwa imeridhia. Alisema mhusika wake haridhii, mpeni mtoto. Akachukua karatasi tupu, akaanza kuchora mhusika mpya, na hakuna aliyemsemesha kwa dakika kadhaa. Alikuwa amecheza na mpiga upanga yule karibu miaka miwili.

Haya yote yalikuwa ndani ya kitabu. Almasi, mshahara wa kibarua, roho kuridhia, vyote vilichapishwa na vilikaa pale vikisubiri mtu mmoja aulize nani analipa. Jioni nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo ilitokana na swali ambalo kwenye meza nyingine lingezimwa kwa kicheko.

Najua kuna pingamizi, na la kwanza nalisikia kila wiki: tunakuja kupumzika, bwana, siyo kusoma uchumi. Nalikubali kwa nusu. Simtaki msimulizi anayetuhesabisha mishale na mabunda ya kuni. Hayo ni makaratasi, na makaratasi tunayo ya kutosha kazini. Lakini kupumzika hakuhitaji dunia isiyo na kichwa wala miguu. Hekaya ya sufuria ni ya kuchekesha, na kicheko chake kinatoka palepale kwenye mantiki yake. Hebu ijaribu upya: sufuria imezaa, siku ya pili imeota mbawa, siku ya tatu imekuwa waziri. Hakuna atakayecheka. Mzaha nao unahitaji dunia inayoshika maneno yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kila mtu ana kitu chake kinachomshinda kusadiki: muuguzi ataona majeraha, mhasibu ataona bei, wa Rufiji ataona mto. Tukimsikiliza kila mmoja tutacheza lini? Jibu langu ni kwamba hapo ndipo utamu ulipo. Msimulizi hawezi kujua mito, dawa na fedha vyote kwa pamoja, na hapaswi kujifanya anajua. Anayejua aseme, kwa dakika moja, kisha msimulizi akate shauri na meza iendelee. Verdy du Vernois alimtegemea mwamuzi mmoja mzoefu. Sisi tuna watano, kila mmoja na uzoefu wake, wamelipa nauli kuja, wamekaa wanasubiri kuulizwa.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Kubali joka, jini, almasi inayofufua, nchi iliyo angani, chochote unachotaka. Kubali kwa moyo mweupe, maana tumekuja kwa ajili hiyo. Kisha, kwa kila ulichokikubali, ruhusu maswali matatu yaulizwe na yeyote: kinakula nini, nani analipa, na nani amewahi kukiona kabla yetu? Majibu yasipokuwepo, yatungwe hapohapo, na yakishatungwa yaheshimiwe hata yanapotuumiza. Na mtu akisema jambo fulani halisadikiki, aulizwe kwa utulivu kwa nini yale mengine yote aliyameza. Akiwa na jibu, tumsikilize. Asipokuwa nalo, tujue hatuzungumzii tena mchezo.

Jirani wa Abunuwasi hakulazimishwa. Siku ile ya kwanza angeweza kusema sufuria haizai, chukua hiyo ndogo, si yangu. Aliitazama, akaona ni nzuri, akaingia nayo ndani.